MHESHIMIWA DIWANI, HABARI ZA KATA NI AMANA, SI ZAWADI



Ndugu zangu katika imani, leo sizungumzii udhu wala masharti ya funga. Najua wapo watakaosema sheikh ameingia kwenye siasa. Someni kwanza, lawama baadaye. Chama sitakitaja, na diwani sitamtaja kwa jina. Sababu ya kutomtaja nitaieleza huko mbele.

Kuna mama mmoja anahudhuria darasa la wanawake hapa msikitini kwetu. Asubuhi anauza vitumbua, jioni mihogo ya kukaanga. Yeye na wenzake sita wana kikundi chao, wanachanga kila wiki, wana daftari, wana katiba, wamesajiliwa. Siku moja baada ya darasa alinisubiri mlangoni akiwa na simu mkononi, akanionyesha picha. Diwani wetu ameshika upande mmoja wa ile hundi kubwa ya kuchapwa, upande wa pili wameishika wanawake wa kikundi kingine, wote wanatabasamu. Chini imeandikwa kwamba Mheshimiwa amewawezesha akinamama wa kata yake. Mama akaniuliza swali moja tu: "Sheikh, hii mikopo ilitangazwa lini?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kuuliza. Nikaambiwa tangazo lilikuwepo, karatasi moja ilibandikwa ofisi ya kata, kwenye ukuta wa ndani, nyuma ya mlango ambao ukifunguliwa unaifunika. Kwenye grupu la WhatsApp la kata, lile ambalo Mheshimiwa anaweka picha kila siku ya Mungu, halikuwekwa. Nilirudi nyuma kwenye simu yangu nikaangalia zile wiki ambazo dirisha la maombi lilikuwa wazi. Tulipewa picha za fainali ya mpira. Tulipewa picha za misiba miwili na harusi moja. Tulipewa picha ya Mheshimiwa amevaa buti za mvua, amesimama kwenye tope, ananyoosha kidole. Habari ya mikopo hakuna.

Na yule mama? Miezi miwili kabla ya kuiona ile hundi alikuwa amekwenda kukopa kwa hawa watu wa kausha damu. Biashara ilikuwa imeyumba, mtoto anatakiwa arudi shule. Akachukua laki tatu. Rejesho kila wiki, ukichelewa siku inaongezeka faini, faini nayo inazaa. Alipokwama walikuja na gari wakabeba jokofu. Mimi huyu, kila Ramadhani nasimama hapa nawakemea watu juu ya riba, nawatisha kwa vita ya Allah na Mtume wake. Kumbe mkopo usio na riba ulikuwa umelala hatua chache kutoka nyumbani kwake, na hakuna aliyemwambia. Wallahi niliona aibu.

Nieleze kidogo kwa wasiojua, maana wengi hatujui. Kila halmashauri Tanzania bara, iwe ya jiji, manispaa, mji au wilaya, inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi. Asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Tangu 2018 jambo hili limo ndani ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na mkopo huo HAUNA RIBA. Mwaka 2023 Serikali iliisitisha mikopo hiyo ili irekebishe utaratibu, baada ya ripoti za ukaguzi kulalamikia fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa, na mwaka uliofuata ikarudishwa. Na hayo mapato ya ndani ni nini? Ni ushuru wa soko, ni leseni za biashara, ni ada za stendi, ni vibali vya ujenzi. Yule mama analipa ushuru wa meza yake kila siku na anapewa risiti ya mashine. Yaani fedha iliyo kwenye ile hundi, na yake imo.

Sasa turudi kwenye lile neno, "amewawezesha".

Aya ya 58 ya Suratun-Nisaa mnaijua, inatuamrisha tuzifikishe amana kwa wenyewe. Wafasiri wengi wanaeleza kwamba ilishuka kuhusu ufunguo wa Al-Kaaba, siku ya kufunguliwa Makka, Mtume (s.a.w.) aliporudishia ufunguo ule kwa Uthman bin Talha, ambaye ukoo wake ndio uliokuwa ukiutunza. Hebu tafakari hapo, ndugu yangu. Ufunguo si dhahabu. Ni kipande cha chuma. Lakini asiye nao haingii ndani. Habari ya dirisha la mikopo ni ufunguo. Habari ya lini baraza linajadili bajeti ni ufunguo. Habari kwamba zahanati imepangiwa kiasi gani, na kwamba soko litavunjwa mwezi gani ili wenye meza wajipange, zote hizo ni funguo. Aliyekabidhiwa funguo za nyumba ya watu akawafungulia marafiki zake peke yao, kisha akapiga nao picha wakiwa sebuleni akasema nimewakaribisha, huyo tunamwitaje?

Wapo watakaonijibu kwa aya inayofuata, ya 59, inayoamrisha kuwatii wenye mamlaka. Nimeisikia mara nyingi, na mara nyingi inasomwa na watu wanaokaa karibu na meza kuu. Wanaanzia 59. Kwa nini wanaruka 58? Allah (s.w.) ametanguliza amana na uadilifu katika hukumu, ndipo ikaja twaa. Na hiyo 59 yenyewe inaendelea kusema mkihitilafiana mrudi kwa Allah na Mtume. Ukiambiwa mrudi panapotokea khitilafu, maana yake khitilafu inaweza kutokea na kuuliza kupo. Sayyidna Abubakar (r.a.) alipopewa ukhalifa, hotuba yake ya kwanza aliwaambia watu wamsaidie akienda sawa na wamnyooshe akipinda. Yule ni Siddiq. Diwani wetu ni nani hata asiulizwe ada ya taka?

Na hilo la taka ndilo limenichoma kuliko yote. Kila nyumba mtaani kwetu inalipa ada ya taka kila mwezi. Gari lilipitisha wiki tatu halijaja, mifuko imepasuka, mbwa wanatawanya, na mvua ndiyo hiyo inaanza. Kijana mmoja, mtoto wa hapa hapa, akaandika kwenye grupu kwa adabu kabisa: Mheshimiwa, shikamoo, tunaomba kujua mkataba wa mzabuni wa taka unasemaje kuhusu siku za kupita, na ada ya mwezi uliopita imekusanywa kiasi gani. Basi. Hakutukana. Ndani ya nusu saa akawa ameondolewa. Baada yake zikamiminika dua na mikono ya kuomba, "Mheshimiwa tuko pamoja nawe", "usikatishwe tamaa na wenye husuda". Nikahesabu majina ya waliomiminika. Nusu yao wanaswali nyuma yangu.

Ninyi ndio nasema nanyi leo, kuliko hata diwani.

Mmeligeuza grupu la kata kuwa kikao cha kumsifu mtu. Mtu anauliza mfereji, anaambiwa ana fitna. Mtu anauliza mapato na matumizi, anaambiwa aogope kusengenya. Subhanallah! Ghiba mnaijua nyinyi leo, pale alipoguswa mwenye cheo? Jirani akisengenywa barazani mbona hamfungi mdomo? Imamu Nawawi katika Riyadhus Salihin ameweka mlango mzima unaoeleza sehemu sita ambazo kumtaja mtu kwa jambo lake kunaruhusiwa kwa haja ya kisheria, na ya kwanza ni aliyedhulumiwa kupeleka malalamiko yake kwa mwenye uwezo wa kumsaidia. Na yule kijana hata hakufika huko, hakumtaja mtu kwa ubaya. Aliuliza gari.

Kuna wengine hoja yao ni nyingine, na hii inasemwa kwa sauti ya chini baada ya swala. "Sheikh, huyu ni wa kwetu, Muislamu mwenzetu, tusimwaibishe mbele ya watu wa dini nyingine." Someni aya ya 135 ya sura hiyo hiyo ya Nisaa, inatutaka tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Akiwa wa kwetu ndio haki ya kumuuliza inazidi. Au tunataka majirani zetu Wakristo, ambao nao wanakanyaga tope hilo hilo, waamini kwamba Uislamu ni pazia la kufichia mtu?

Nije kwenye picha. Katika Aali Imran aya ya 188 Allah anawatahadharisha wanaopenda kusifiwa kwa mambo wasiyoyafanya. Wafasiri wana maneno yao juu ya sababu ya kushuka kwake, na haikushuka kwa ajili ya madiwani wa Tanzania. Lakini tabia inayokemewa pale ni tabia, popote itakapokuwa. Barabara nyingi za mitaani kwetu zimo mikononi mwa TARURA tangu wakala huo uanze kazi 2017. Greda likija kuchonga barabara, limeletwa na fedha na mpango wa wakala wa Serikali. Diwani anaweza kuwa alipiga kelele hadi likaja, na hapo anastahili shukrani. Lakini tunaletewa picha Mheshimiwa amepanda juu ya greda na maneno "NIMEWALETEA BARABARA". Wiki inayofuata lile greda limeondoka, barabara imeishia nusu, kalavati halijawekwa. Ukiuliza unaambiwa hiyo ni ya TARURA, siyo ya diwani. Ikiwa na picha ni yako, ikiwa na shimo ni ya TARURA?

Nimwonee huruma kidogo pia, nisiwe dhalimu. Watu wetu wanamdai diwani mambo ambayo si yake. Wanataka jeneza, nauli ya mgonjwa, ada ya mtoto, sukari ya maulidi. Asipotoa wanasema hana msaada na watu. Mkuu wa utendaji na mlinzi wa hundi za halmashauri ni mkurugenzi, sio diwani. Diwani kazi yake kubwa ni kukaa kwenye baraza akapitisha bajeti, akahoji matumizi, akasimamia, na kwenye kata ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kazi hiyo haina picha nzuri. Mtu amekaa kwenye kiti anasoma makabrasha, nani ataipenda picha hiyo? Tumemfundisha sisi wenyewe kwamba hundi ya maboksi ina "like" mia tatu na jedwali la mapato lina saba. Naye anafuata soko.

Sasa nifike kwangu, maana nikiacha hili nitakuwa mnafiki.

Mwaka mmoja diwani aliuletea msikiti wetu mazulia na mifuko ya saruji ya kumalizia vyoo vya udhu. Ijumaa ile baada ya swala nilishika kipaza sauti nikamshukuru, nikamwombea dua ndefu, nikamwambia milango ya msikiti iko wazi kwake. Wiki chache baadaye mzee mmoja wa safu ya mbele akasimama, akasema kwa kuwa Mheshimiwa yupo hapa leo, tunaomba atuambie choo cha soko kinacholipiwa kila anayeingia, fedha zake zinakwenda wapi na mbona hakina maji. Mnajua nilifanya nini? Nilimwambia mzee wangu akae. Nikasema hapa ni msikitini, siyo kwenye baraza la madiwani. Siku ya mazulia msikiti ulikuwa mahali pa shughuli za diwani. Siku ya swali ukawa si mahali pake.

Kisa cha Ibn al-Lutbiyya kimo katika Bukhari na Muslim, nimekisomesha mara zisizo na idadi. Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi akagawa alichokuja nacho mafungu mawili, hiki chenu, na hiki mimi nimezawadiwa. Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari, akahoji mbele ya watu kwamba mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi hiyo ingemfuata? Tazama mambo mawili. Kwanza, hesabu ilitolewa mbele ya watu, na mimbari ndiyo iliyotumika. Pili, katika khutba ile hakumtaja jina, alisema juu ya mtumishi tunayemtuma. Ndiyo sababu nami sikutaja jina, maana wa aina hii wako wengi, Dar es Salaam wapo, Tanga wapo, Mwanza wapo, na nikimtaja mmoja wengine watajiona wamesalimika.

Na mazulia yale, je? Ningekuwa imamu nisiye na msikiti, ningeletewa? Nilimfuata yule mzee nyumbani kwake nikamwomba radhi. Alinisamehe haraka sana, na hilo nalo likaniuma.

Msinielewe kwamba madiwani wasitumie simu. Watumie, tena sana. Kata ya jirani yetu kuna diwani, na simjui anaswali wapi au kama anaswali, kila baada ya kikao anapiga picha ya karatasi ya mapato na matumizi iliyobandikwa ubaoni anaituma kama ilivyo, imepinda, haina hata salamu. Kabla ya dirisha la mikopo anatuma tarehe, anataja afisa maendeleo ya jamii wa kata mnamkuta wapi na siku zipi, vikundi vije na nini. Watu wanamgombeza humo humo kwenye grupu, wengine kwa lugha mbaya kweli, naye anajibu, au anasema hilo silijui nitaliuliza. Hajamwondoa mtu. Picha yake mwenyewe nimeiona mara moja tu, tena ilikuwa ya kuomba kura.

Basi ndugu yangu, usiishie kunikubalia kwa kuandika "mashaAllah sheikh" hapo chini. Katiba ya nchi, ibara ya 18, inakupa haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu ya maisha yako na jamii yako. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Unaandika barua kuomba taarifa ofisi ya umma, nao wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 30. Barua, siyo ujumbe wa sauti wa dakika nne. Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi, mwananchi anaingia anakaa anasikiliza, ingawa hachangii. Umewahi kwenda hata mara moja? Mimi hadi mwaka huu nilikuwa sijawahi. Nilikwenda na watu wawili wa msikitini, tukakuta viti vya wananchi vitupu na mwandishi wa habari mmoja anachaji simu. Diwani wetu alikaa kikao kizima hakuuliza chochote. Jioni kwenye grupu ikaja picha yake mlangoni mwa ukumbi, "nikiwawakilisha wananchi wangu".

Na wewe Mheshimiwa, najua hili litakufikia, wapo watakaokupelekea kabla sijamaliza kunywa chai. Sikuombei mabaya. Nakuomba umrudishe yule kijana kwenye grupu na umjibu lile la gari la taka. Nakuomba uweke orodha ya vikundi vya kata hii vilivyopata mkopo, na kiasi cha kila kimoja, na lini dirisha linafunguliwa tena. Hutahitaji mpiga picha. Na mazulia, kamati ya msikiti imekaa, tumekubaliana zawadi yoyote ya kiongozi aliye madarakani itapokelewa kwa maandishi, itasomwa kwa waumini, na haitanyamazisha swali la mtu yeyote humu ndani.

Jumamosi hii kuna mkutano wa wakazi wa mtaa, saa kumi jioni, uwanja wa shule ya msingi, Mheshimiwa amealikwa. Asri tutaswali mapema, mara tu wakati ukiingia, ili tutoke pamoja. Akinamama njooni pia, msiseme huo ni mkutano wa wanaume. Yule mama wa vitumbua ameniambia atakuja na daftari la kikundi chake, na atakaa mbele.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.